UZI: Kuchora mandhari yenye nyumba ya mawe kwa rangi zilizopoa (Julai ya Nairobi ndiyo wakati wake)

Brashi_Nene (mwanzisha uzi)

Wapenzi wa brashi, salaam. Tangu niweke ile picha ya nyumba ya mawe na vilima vya Ngong nyuma yake, maswali yananijia pembeni na yote ni yaleyale: rangi zile tulivu, zilizopoa makali, unazipata wapi, ni tyubu gani, mbona za kwangu zinawaka. Naandika hapa mara moja, msome na mnikosoe. Ni mrefu, vuta kiti.

Tuanze na wakati. Kuanzia Juni hadi Agosti wingu linakaa juu ya Nairobi asubuhi nzima, siku nyingine kutwa. Watu wanalalamikia baridi, mchoraji anashukuru. Jua likifichwa hakuna kivuli kikali cha kukuhangaisha, na rangi zote zinasogeleana: vigae vya paa, ukuta, nyasi, Ngong kule mbali, kila kimoja kimeonja kidogo rangi ya mbingu. Ukichora saa sita za Januari, jua likiwa utosini, paa linameremeta, ukuta wote ni giza, na kivuli kimejificha chini ya nyumba. Hapo huna cha kujifunza kuhusu rangi tulivu.

Tyubu ni nne tu. Altramarini (tafuta alama PB29), siena ya kuchomwa (PBr7, kampuni nyingine huweka PR101), oka ya manjano (PY42 au PY43) na nyeupe ya titani (PW6). Alama hizo zimeandikwa kwa herufi ndogo mgongoni mwa tyubu, na ndizo za kuaminiwa. Jina la mbele kila kampuni hujipangia.

Altramarini ni bluu, siena ni chungwa iliyoiva hadi ikawa kahawia. Ni mahasimu. Zikikutana kila moja inavunja makali ya mwenzake na kinachobaki ni kijivu. Zidisha bluu kidogo, unapata wingu la mvua. Zidisha siena, unapata jiwe. Tia nyeupe ndipo uone vizuri umeegemea wapi, kwa sababu zikiwa nzito bila nyeupe zote zinaonekana nyeusi tu.

Sasa shika hili, mengine ni nyongeza: jengo na mbingu vitoke sufuria moja. Tengeneza rundo kubwa la kijivu kabla hujagusa ubao. Ligawe. Fungu moja likipata nyeupe nyingi na chembe ya oka, hilo ni wingu. La pili lipe bluu zaidi, hiyo ni Ngong. La tatu lipe siena na oka, huo ni ukuta wa mawe. Wengi wetu tunachanganya rangi ya mbingu, tunasafisha paleti (kibao cha kuchanganyia rangi), halafu tunaanza upya kutengeneza rangi ya nyumba. Matokeo yake nyumba inaonekana imekatwa kwenye gazeti ikabandikwa pale.

Kabla ya hayo yote, usianzie kwenye ubao mweupe. Mimi natumia hadibodi, naipaka jeso, ile rangi nyeupe ya msingi, pande zote mbili (ukipaka upande mmoja tu itajikunja), ikikauka napitisha siena iliyozimuliwa kwa maji. Juu ya weupe mtupu kila kijivu kinaonekana kichafu, nawe unakimbilia kukiongezea rangi ili "kichangamke". Juu ya kahawia hafifu kijivu hicho hicho kinatulia, tena kinaonekana cha bluu kidogo bila wewe kuongeza bluu.

Halafu finya macho. Finya hadi madirisha yapotee, vigae vipotee, majani yapotee. Yabaki mafungu matatu au manne ya mwanga na giza. Yapake hayo kwanza kwa brashi nene kuliko unavyopenda (jina langu halikuja bure). Kama picha haisimami kwa mafungu hayo, dirisha zuri halitaiokoa.

Ulizeni.

Mwanafunzi_Rongai

Asante mwalimu. Swali la kijinga: kwa nini nisichukue rangi yoyote niitie nyeusi kidogo ipoe? Si inafupisha kazi?

Brashi_Nene

Hakuna ujinga hapo, karibu kila mtu huanza hivyo. Nyeusi inapunguza mwanga kabla ya kupunguza ukali. Chukua nyekundu ya paa uitie nyeusi: giza linazidi, lakini bado ni nyekundu, ni kama ya usiku. Unachotaka ni paa lilelile kwa mwanga uleule ila limepoa. Kwa hiyo tia hasimu wake, kijani kidogo, kisha rudisha mwanga kwa nyeupe au oka. Tena nyeusi ikiingia kila mahali picha nzima inavaa kitambaa kimoja cha masizi. Na manjano ukiitia nyeusi haipoi, inageuka kijani.

Pwani_Kwetu

Ndugu yangu, hapo nitakupinga kwa heshima. Nyeusi inasingiziwa bure. Mchoraji Anders Zorn wa Sweden alijulikana kwa paleti ya rangi nne: nyeupe, oka ya manjano, nyekundu ya vamilioni na nyeusi ya pembe. Hakuna bluu hata kidogo! Nyeusi ile ikikutana na nyeupe inajifanya bluu, hasa ikikaa jirani na nyekundu. Na hicho kijani unachokilaumu, oka na nyeusi, ndicho kijani bora cha majani niliyowahi kuchanganya. Mimi nachora majumba ya mawe ya matumbawe huku Mombasa kwa paleti hiyo hiyo na hakuna masizi.

Brashi_Nene

Hapo una haki, na kijani cha oka na nyeusi hata mimi nakitumia kwa mikaratusi. Tofauti ni kwamba kwa Zorn nyeusi ni rangi kamili, ina kazi yake kama bluu. Ninachokataza ni nyeusi ya kuzimia rangi nyingine. Lakini kwa mandhari ya Ngong bado nitataka altramarini. Ile bluu ya vilima baada ya mvua nyeusi haiifikii.

Fundi_Mwashi

Mimi si mchoraji, ni mwashi, nimeingia hapa kwa bahati. Naona watu wanachora "ukuta wa mawe" kwa kijivu kimoja kisha wanapiga mistari. Jiwe la Nairobi halina rangi moja jamani. Lile la kuchongwa kwa mkono la nyumba za zamani lina uso wa mikwaruzo, linashika vumbi na kuvu, linakuwa jeusi upande wa mvua. La machimbo ya Ndarugo, linalokatwa kwa mashine, ni laini, lingine la kijivu, lingine linaelekea maziwa, lingine lina manjano. Na ukuta uleule ukinyeshewa unabadilika kabisa, jiwe linanywa maji.

La pili. Angalieni chini ya ukuta. Kwenye udongo mwekundu mvua ikipiga chini inarusha matope ukutani. Nyumba yoyote isiyo na saruji pembeni ina mkanda mwekundu hadi karibu na goti. Sijaona hata mmoja wenu ameuchora.

Brashi_Nene

Fundi, kaa hapa usiondoke. Huo mkanda mwekundu ndio unaojibu swali la watu watatu walioniandikia kwamba nyumba zao "zinaelea". Nyumba inakaa chini mambo mawili yakitendeka: giza jembamba pale ukuta unapogusana na ardhi, na rangi ya ardhi kupanda ukutani. Hayo matope yanafanya hilo la pili bila ujanja wowote. Siena, chembe ya nyeupe, brashi kavu, umemaliza. Kisha acha nyasi mbili tatu zikatize ule mstari wa chini, usiuache umenyooka.

Na kuhusu mawe: usichore kila jiwe. Paka ukuta wote kijivu kimoja, na kabla haujakauka ingiza mabaka ya kijivu cha pili chenye mwanga uleule ila kimeegemea kwingine, mabaka mengine kwenye bluu, mengine kwenye oka. Mwishoni onyesha mawe machache tu karibu na pembe ya nyumba na chini ya dirisha. Jicho litajaza mengine lenyewe.

Mwanafunzi_Rongai

"Mwanga uleule ila kimeegemea kwingine" nitajuaje kama mwanga ni uleule?

Brashi_Nene

Piga picha paleti yako kwa simu, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Mabaka mawili yakipotelea moja ndani ya lingine, mwanga ni mmoja. Yakionekana wazi, moja limezidi.

Ilala_Mchoraji

Wakuu, salamu kutoka Dar. Huku kwetu jua linawaka mwaka mzima, hizo rangi zenu za baridi tutazipata wapi? Ila swali langu hasa ni picha za simu. Nachora kutoka kwenye picha na mbingu inatoka nyeupe kabisa, nyumba inatoka nyeusi.

Brashi_Nene

Karibu mkuu. Simu mara nyingi haishiki vizuri mbingu na kivuli kwa pamoja, inachagua moja. Ukiigusa kioo juu ya nyumba, mbingu inaungua. Ukigusa mbingu, nyumba inazama. Piga mbili, moja ya kila upande, na bado zisiamini kwa rangi. Simu inakoleza kijani na bluu ili picha ipendeze. Chora kwa penseli pale pale, andika maneno juu ya mchoro: "ukuta ni giza kuliko mbingu, paa ni sawa na miti". Sentensi mbili kama hizo zina faida kuliko picha kumi.

Chukua pia kipande cha kadi ya kijivu, toboa tundu dogo, funga jicho moja, chungulia rangi moja moja. Utashtuka. Ile nyasi uliyoapa ni kijani, tunduni ni kahawia.

Kuhusu jua: hata Dar kuna saa kumi na mbili asubuhi. Na jua kali si kikwazo, kinachobadilika ni kwamba vivuli vinabeba bluu ya mbingu na kuta zenye jua zinabeba oka. Sufuria ni moja bado.

Jogoo_Road

Naomba kuuliza kitu kingine. Kwa nini kila mchoraji wa Nairobi akisema "nyumba ya mawe na vilima" lazima aende mtaa wa Karen? Ile nyumba ya makumbusho ya Karen Blixen ya 1912 imechorwa na kila mtu. Nani amechora mtaa wa Kaloleni? Nyumba za mawe za miaka ya 1940, vigae, miti mikubwa, uwanja wa udongo katikati, ile Social Hall (ukumbi wa mtaa) ambamo siasa za nchi hii zilipikwa. Vigae vimeshapauka vyenyewe, hamhitaji hata kuvipoza.

Brashi_Nene

Sina ugomvi na hilo. Karen naipendea kitu kimoja: una ukuta karibu, nyasi katikati, na Ngong mbali, kwa hiyo mwanafunzi anaona hatua zote tatu za umbali mahali pamoja. Kaloleni umbali ni mfupi, inabidi uutengeneze kwa miti na paa za nyuma. Ni somo gumu zaidi, lakini ni picha bora zaidi nikiulizwa mimi. Ya Karen ukiimaliza inafanana na ya mwenzako.

Angalizo kwa wote: ukienda mtaani kwa watu, salimia kwanza, omba ruhusa, usimkalie mtu mlangoni kwake na stendi. Na katikati ya mji usijitandaze mbele ya ofisi za serikali bila kusema na askari wa mlangoni, utamaliza asubuhi ukijieleza. Pale kwenye Nairobi Gallery, ile ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa ya 1913, ongea na wahudumu kwanza. Jengo lile dogo la mawe na ghorofa refu la Nyayo House likilizidi kimo kando yake ni picha ambayo bado sijaona ikichorwa vizuri.

Jogoo_Road

Ukisikia nimekualika Kaloleni usiseme uko na shughuli.

Tope_Jekundu

Nimesoma kimya, sasa niseme langu. Mnaenda kununua siena ya dukani na mmekaa juu yake. Rangi ya siena na oka ni ya chuma kilichoshika kutu ardhini, na wekundu wa udongo wa Kiambu, Limuru hadi Westlands ni chuma hicho hicho. Mimi natengeneza hivi: natia udongo kwenye ndoo ya maji, nakoroga, nasubiri kidogo mchanga ushuke, namimina maji yenye rangi kwenye ndoo ya pili. Narudia. Ile ya mwisho naiacha itulie kabisa, namwaga maji, nakausha tope, nasaga kwa chupa juu ya kioo, nachanganya na gundi nyeupe ya mbao au ute wa akriliki (ile gundi ya rangi za akriliki). Kwa rangi ya mafuta, mafuta ya kitani.

Udongo wa manjano ukiuchoma kwenye jiko la makaa unageuka mwekundu, kwa hiyo shimo moja linaweza kukupa rangi mbili.

Mwanafunzi_Rongai

Wueh! Na udongo mweusi wa Embakasi tupate nyeusi?

Tope_Jekundu

Usijaribu. Ule ni udongo wa pamba, unavimba ukilowa na kunywea ukikauka, mafundi wanauchimba wote na kuutupa kabla ya kujenga. Kwenye picha utapasuka vilevile. Nyeusi toa kwenye masizi au mkaa uliosagwa.

Fundi_Mwashi

Amesema kweli. Ule udongo umepasua nyumba, sembuse karatasi.

Brashi_Nene

Hii naichukua. Maana yake ule mkanda wa matope ukutani unaweza kuupaka kwa matope yenyewe. Ila gundi ya mbao ni ya mazoezi. Kwa picha unayotaka kuuza tumia ute wa akriliki.

Pwani_Kwetu

Mmesahau jambo kubwa. Rangi haipoi peke yake, inapozwa na jirani yake. Kuna mkemia wa Ufaransa, Chevreul, alikuwa msimamizi wa upakaji rangi kwenye kiwanda cha mazulia cha Gobelins. Watu walilalamika kwamba uzi mweusi umefifia. Alipoupima akakuta mweusi hauna kasoro, ni rangi zilizofumwa kando yake ndizo zinazoudhoofisha. Akaandika kitabu kizima mwaka 1839. Kwa hiyo dada Rongai, ukiona kijivu chako kinageuka zambarau karibu na manjano, usikilaumu kijivu. Angalia nani umemkalisha naye.

Mwanafunzi_Rongai

Mimi ni kaka 😂 lakini nimekuelewa. Ndiyo maana ukuta wangu ulikuwa wa samawati, kumbe paa nimelipaka chungwa tupu.

Brashi_Nene

Hasa. Poza paa kwanza, ukuta utarudi wenyewe bila kuugusa. Na ruhusu kitu kimoja tu kiwake: kanga kwenye kamba, ndoo ya buluu, mlango. Kidogo sana. Kikiwa peke yake kati ya rangi zilizopoa, hata siena ya kawaida inang'aa. Kwa anayetaka kuona mtu aliyefika mbali na njia hii, atafute picha za Giorgio Morandi wa Bologna (1890–1964). Wengi wanamjua kwa chupa, lakini ana mandhari za nyumba ambazo ukuta, njia na mbingu karibu ni rangi moja, na bado unajua kila kitu kiko wapi.

Ilala_Mchoraji

La mwisho mkuu. Akriliki yangu ikikauka inakuwa nzito kuliko nilivyochanganya. Na nichorie dirisha lipi? Vitabu vinasema la kaskazini.

Brashi_Nene

Akriliki ikiwa mbichi ute wake ni mweupe kama maziwa, ukikauka unakuwa wazi, ndiyo maana rangi inashuka giza. Changanya ikiwa na mwanga zaidi kidogo ya unavyotaka, na ujaribu pembeni mwa ubao kwanza. Rangi za maji ni kinyume, zinapauka. Nyunyizia paleti maji mara kwa mara, hasa Januari na Februari hewa ikiwa kavu.

Dirisha: hivyo vitabu viliandikiwa Ulaya, ambako jua liko kusini. Sisi tuko karibu na ikweta. Nairobi mwezi Juni na Julai jua liko kaskazini kutwa, ukikaa dirisha la kaskazini litakupiga usoni. Dirisha la kusini ndilo tulivu sasa hivi, na Disemba unahamia la kaskazini. Ni vivyo hivyo kwa nyumba unayochora: Julai ukuta wa kusini hauguswi na jua, kwa hiyo unaweza kuuchora asubuhi hadi jioni bila mwanga kukukimbia. Dar nanyi hamko mbali na ikweta, hesabu karibu ni ile ile.

Jogoo_Road

Haya, maneno yametosha. Jumamosi asubuhi Kaloleni, tukutane kwenye Social Hall, nimeshaongea na wazee wa pale. Kila mtu na hadibodi yake iliyokwisha kupakwa. Tope, leta udongo.

Tope_Jekundu

Nitaleta wa kuchomwa na mbichi. Nani ana kioo cha kusagia? Changu kimepasuka.

Fundi_Mwashi

Ninacho kipande cha dirisha, milimita sita. Nakuja nacho, lakini sichori.

Brashi_Nene

Utachora, fundi. Mkanda wa matope ni wako.